Sura ya Sita: Nani Anajua Kuogelea Hapa?

Mwanamke yule hakupiga yowe. Alisimama ukingoni mwa diko, kanga imemteleza begani, akatugeukia sisi wanaume tuliokaa kivulini mwa mkungu tukingoja samaki wateremshwe, akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia njia: "Jamani, nani anajua kuogelea hapa?"

Tulikuwa wanaume tisa. Kulikuwa na dereva wa lori, wachuuzi wa samaki, mwalimu wa sekondari, vijana wawili wenye vifua vya kunyanyua vyuma, na mimi, mwenye umri wa miaka 34, shahada, mke, watoto wawili na kiwanja kilichopimwa. Bahari ya Tanga ilikuwa imejaa hadi ngazi ya tatu. Mtoto wa miaka mitano au sita alikuwa ameteleza kutoka kwenye ngalawa iliyofungwa, na kilichoonekana ni kisogo chake tu, kikichomoza na kuzama. Sote tisa tulisimama. Hakuna aliyekwenda.

Aliyekwenda ni kijana wa kama miaka 15 aliyekuwa akipara samaki kwenye meza ya saruji. Alitupa kisu, akaruka na kaptula yake, akamzunguka mtoto kwa nyuma, akamleta chali huku mkono wake umepita chini ya kwapa. Mtoto akakohoa, akatapika, akalia. Mama akampokea. Kijana akaokota kisu chake, akakisuuza, akaendelea kumpara changu aliyekuwa amemwacha nusu.

Usiku ule sikulala vizuri. Kisa hicho ndicho kilichonifanya niandike kitabu hiki, na ndiyo maana sura hii ni ndefu kuliko nyingine.

Chuoni, tulipokuwa wadogo, mwalimu wetu wa Kurani alitufundisha kwamba faradhi ni za namna mbili. Ipo faradhi aini, inayomshika kila mtu shingoni mwake: hakuna atakayekusalia sala yako wala kukufungia saumu yako. Na ipo faradhi kifaya, iliyo juu ya mji mzima kwa pamoja. Wakitokea watu wa kutosha wakaitimiza, waliobaki wote wamesalimika. Asitokee hata mmoja, basi dhambi ni ya wote, aliyekuwa karibu na aliyekuwa mbali. Mfano aliopenda kuutoa ni wa maiti: lazima aoshwe, akafiniwe, asaliwe, azikwe. Huambiwi wewe peke yako, lakini mtaa mzima unaangaliwa.

Tangu siku ya diko nimekuwa nikiupima uanaume kwa kipimo hicho. Kuna mambo ambayo mtaa, basi, boti au familia itayahitaji siku moja bila taarifa, na siku hiyo lazima awepo mtu anayeyajua. Kijana yule mpara samaki alitutoa dhambini wanaume tisa. Nikaona ni aibu kubwa kuishi miaka yote iliyobaki nikitegemea kwamba mahali popote nitakapokuwa atakuwepo kijana wa namna ile.

Wazee wetu walilijua jambo hili na walilitengea muda. Mvulana wa jandoni hakupelekwa kumbini kwa ajili ya kisu cha ngariba peke yake. Alikaa huko wiki nyingi, mahali pengine miezi, na ndani ya muda huo alikuwa na somo wake, aliimbishwa, alifundishwa adabu, alilala pabaya na kula kidogo, akatoka akiwa anajulikana anaweza nini. Leo wengi wetu tunampeleka mtoto hospitali asubuhi, na mchana yuko nyumbani anaangalia katuni. Kwa usalama wa mwili tumefaidika, na sitaki kisu kile kirudi. Lakini mafunzo yaliyozunguka kisu tuliyaacha porini, hatukuyajengea nyumba mpya. Wamaasai wa upande wa Amboseli wamejaribu kuijenga. Moran alipoambiwa simba haruhusiwi tena kuuawa, lilibaki swali ataoneshea wapi ushujaa wake, na tangu 2012 wamekuwa na mashindano yao huko Kimana: kutupa mkuki, kulenga kwa rungu, kuruka juu, mbio fupi na ndefu. Uwezo ule ule umepata uwanja mwingine, na simba wamebaki hai.

Huko Ulaya wapo waliofika kwenye swali hili kwa njia ya msiba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nyambizi za Ujerumani zilipokuwa zikizamisha meli za mizigo za Uingereza, wenye meli walishangazwa na jambo moja: ndani ya maboti ya kuokolea, mabaharia vijana wenye nguvu walikufa mapema kuliko wazee waliokulia baharini. Mwili wa kijana ulikuwa bora, lakini mzee alikuwa ameshapata baridi, kiu na hofu mara nyingi, akajua kwamba vitu hivyo vina mwisho. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbilia Uingereza, pamoja na mwenye meli Lawrence Holt, wakaanzisha Aberdovey, Wales, mwaka 1941, shule ya kuwazoesha vijana shida kabla shida yenyewe haijaja. Ndiyo Outward Bound, na tangu miaka ya 1950 ina tawi Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro. Hahn alikazania sana uokoaji: kijana apewe jukumu la maisha ya mtu mwingine, naye atakua. Alikuwa anasema kwa lugha ya kwao kile ambacho mwalimu wangu wa chuo alikisema kwa mfano wa maiti.

Basi nilirudi dikoni baada ya wiki moja, nikamtafuta yule kijana, nikamwomba anifundishe kuogelea.

Alidhani namtania. Alipoona sicheki, aliangalia chini, akasema, "Sawa, mjomba." Tulikubaliana malipo, na kwamba tutakutana alfajiri siku za maji mafu, wakati bahari haijai sana wala haipwi sana na mkondo hauna kasi. Kila siku alianza na "shikamoo", nami nikamwitikia "marahaba", kisha akageuka kuwa fundi na mimi mwanagenzi, akaniamuru kama mtoto. Hapa ndipo ugumu wote ulipo, na nataka msomaji auone kabla hajalipia somo lolote. Maji yenyewe si magumu hivyo. Mtu mzima anayeitwa "mheshimiwa" ofisini, akiambiwa na kijana wa miaka 15 mbele ya wavuvi kwamba arudie tena, atataka kuahirisha. Atakumbuka kikao. Wanaume wengi ninaowafahamu hawajui kuogelea, kupika wala kushona kifungo kwa sababu hiyo moja: kila ujuzi una mlango mfupi, na sisi tumezoea kupita wima.

Siku ya kwanza hatukuogelea. Alinisimamisha maji yakiwa kifuani, akaniambia niingize uso na kutoa pumzi polepole puani hadi iishe, ninyanyuke, nivute kwa mdomo, nirudie. Mara hamsini. Asiyejua kuogelea huingia majini na kubana pumzi. Hewa chafu inamjaa, kifua kinamkaza, anadhani bahari inamkaba kumbe anajikaba mwenyewe. Siku ya tatu tukaanza kuelea chali. Aliweka kiganja chake chini ya mgongo wangu, katikati ya mabega, akasema, "Legeza shingo, mjomba. Masikio yaingie majini. Ukinyanyua kichwa, miguu inazama." Nilikinyanyua, nikazama. Nikarudia. Mapafu yaliyojaa hewa humwelesha karibu kila mtu kwenye maji ya chumvi, ilimradi kichwa kilale kama kilivyo kwenye mto. Kichwa cha mtu ni kizito, na mwenye hofu kazi yake ni kukitoa nje. Asubuhi fulani niliangalia juu, mawingu yalikuwa ya rangi ya zambarau bado, masikio yamejaa ule mlio wa mchanga unaosagana chini, nikamwuliza, "Umeshika?" Jibu lake lilitoka mbali. Alikuwa amesimama hatua nne kutoka nilipo.

Ilinichukua wiki sita kuvuka mita ishirini bila kugusa chini, na miezi mitano kuogelea mpaka kwenye jahazi lililotia nanga na kurudi. Mtoto wa pwani atacheka umbali huo, na ana haki.

Somo lililofuata ndilo nililolijia. Methali inasema mfa maji haachi kutapatapa, lakini fundi wangu aliniongezea: hutapatapa kimya. Mtu anayezama kweli hapigi kelele, kwa sababu mdomo wake unatoka juu kwa kitambo kidogo tu, na nafasi hiyo anaitumia kuvuta pumzi. Mikono haipungi, inakandamiza maji pembeni kana kwamba anapanda ngazi. Ukiona hivyo, jambo la mwisho ni kuruka. Ukimfikia tu atakupanda kichwani, na mtaa utazika wawili. Nyosha kasia. Tupa kamba. Tupa dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, linalotosha kumbeba mtu mzima kidevu nje ya maji. Ukiwa huna budi kuingia, ingia na kitu cha kumpa ashike, na umwendee kwa nyuma. Akishatolewa, usimbinue wala kumkandamiza tumbo ili atapike maji, kama tunavyofanya kila mahali. Unapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Kama hapumui, mpulizie pumzi kwanza, kisha ubonyeze kifua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Sisi tuna pwani ya zaidi ya kilomita 1,400 na maziwa makuu matatu, na majina yetu ya misiba ya maji kila mtu anayajua: MV Bukoba, Mei 21, 1996, MV Spice Islander, Septemba 2011, MV Nyerere, Septemba 20, 2018, iliyopinduka ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Sitaki nieleweke vibaya. Chombo kikijazwa abiria kupita uwezo wake, kosa ni la waliokijaza, na kumwambia marehemu kwamba angejifunza kuogelea ni ukatili. Ninachosema kinawahusu waliosimama nchi kavu. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilipoangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, watu 19 walifariki na 24 wakaokoka, na waliowahi kufika walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Hawakuwa kikosi. Walikuwa watu wanaoyajua maji, waliokuwa karibu.

Kuhusu damu nitasema machache kwa sababu yanajifunzika kwa siku mbili, na Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha katika nchi zetu zote. Anayepanda bodaboda au kuishi kando ya barabara kuu hana udhuru. Jeraha linalovuja kandamiza kwa kitambaa safi, kwa nguvu, na usifunue kila dakika kuangalia kama damu imekata. Moyo uliosimama unabonyezwa katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita, na mikono yako itachoka ndani ya dakika mbili, kwa hiyo mfundishe na mwenzako. Kubadili gurudumu pia jifunze. Legeza nati kabla hujainua gari kwa jeki. Nenda tu ukajifunze.

Mlima ni habari nyingine, maana watu wengi wanaponiuliza kuhusu kitabu hiki wanauliza kwanza kama nimepanda Kilimanjaro. Wanataka kusikia habari ya kilele, mita 5,895, na picha kwenye ubao. Naelewa. Luteni Alexander Nyirenda alipoipandisha bendera na mwenge pale usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, alikipa kilele kile maana ambayo hakuna picha ya mtandaoni itakayoifuta. Ila historia ya mlima huu ina jambo ninalolipenda zaidi. Hans Meyer, Mjerumani anayeandikwa kuwa wa kwanza kufika juu, alishindwa mwaka 1887. Mwaka 1888 hata mlimani hakufika. Vita vya pwani vilimkuta njiani, akatiwa minyororo na watu wa Abushiri bin Salim, akatoka kwa kukombolewa kwa fedha. Mwaka 1889 alipofaulu pamoja na Ludwig Purtscheller, kilichobadilika ni mpango: waliweka kambi kwa ngazi, na chakula kikapandishwa kutoka Marangu siku baada ya siku na wapagazi. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kama kiongozi wa safari ile. Na kwenye kambi ya juu, penye baridi ambayo hajawahi kuiona kwao, alibaki akiitunza Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mtu wa mnazi na chumvi, juu ya mawingu, siku nyingi, ili wawili wengine wafike.

Mimi nilipanda kwa njia ya Marangu, na sahibu yangu wa tangu shule. Mandara, mita 2,720. Horombo, 3,720, tukalala usiku wa ziada ili mwili uzoee. Kisha Kibo, karibu 4,700. Juu kabisa, hewa ina karibu nusu tu ya mgandamizo wa hewa ya Tanga, kwa hiyo kila pumzi inaingiza nusu ya oksijeni. Wapandishaji wana dawa moja na wanaitaja tangu getini: pole pole. Hatua zao huku chini zinamkera kijana mwenye mapaja. Juu unajua kwa nini.

Tuliondoka Kibo saa sita usiku. Kilichokuwepo ni taa ya kichwa, visigino vya aliyetangulia, na changarawe inayokurudisha nusu ya kila hatua. Saa tisa na nusu hivi, sahibu yangu alikaa kwenye jiwe akaniambia anataka kuvua koti, joto linamzidi. Kulikuwa na barafu kwenye ndevu zake. Mpandishaji alimsogelea, akammulika machoni, akamwuliza jina la mtoto wake wa kwanza. Akafikiri muda mrefu. Kisha mpandishaji akamwambia, kwa upole kabisa, "Kaka, hebu nyanyuka utembee hapa. Kisigino kiguse kidole." Alipiga hatua mbili, ya tatu ikaenda pembeni kama ya mlevi. Mpandishaji hakuongeza neno. Alianza kufunga begi lake. Ubongo unaanza kuvimba, na dawa ya kwanza ni kushuka, sasa hivi, bila kungoja kupambazuke.

Tulikuwa na wapandishaji wawili. Yule mdogo angeweza kunipeleka juu. Mwili wangu ulikuwa salama na ukingo wa juu, Gilman's Point, haukuwa mbali. Nilisimama pale na nilitaka kwenda. Nasema kweli, nilitaka sana, nilikuwa nimeweka akiba miaka miwili. Mpandishaji mkubwa aliniuliza tu, "Huyu ni nani wako?" Nikamjibu. Akanipa mkono wa kushoto wa sahibu yangu niuweke shingoni mwangu, yeye akashika wa kulia, tukaanza kushuka. Mahali fulani chini ya Kibo, jua limeshatoka, sahibu yangu alisimama mwenyewe, akaangalia tambarare, akasema jina la mtoto wake. Sijarudi tena mlimani. Kilele sikijui. Ninayoyajua kuhusu mlima ule yananitosha kuandikia sura hii.

Sasa nije kwenye lile la mwalimu wa chuo.

Niliishi mtaa wa wapangaji Dar es Salaam, ule wa kuta zinazogusana. Alfajiri moja mzee wa nyumba ya tatu alifariki. Waoshaji wa kiume waliojulikana msikitini kwetu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa safarini, mwingine umri umekwenda na hawezi kumgeuza mtu peke yake. Baada ya sala imamu aligeuka akauliza nani atamsaidia. Msikiti ulikuwa na safu nne. Nilikumbuka diko. Nikanyanyua mkono, nikasema, "Sijui, lakini nitashika nitakapoambiwa."

Chumba kilikuwa na kitanda cha kuoshea kilichoinamishwa upande wa miguu, ndoo tatu, na bakuli la majani ya mkunazi yaliyofikichwa mpaka maji yakatoa povu. Mzee yule mwoshaji alitandika kitambaa kutoka kitovuni hadi magotini kabla hajaondoa nguo, na kitambaa hicho hakikutoka. Akajifunga kitambaa kingine mkononi, asiguse mwili kwa kiganja kitupu. Alibonyeza tumbo taratibu, akamsafisha, akamtawadhisha kama mtu anayekwenda kusali. Kisha kichwa, kisha ubavu wa kulia kuanzia shingoni hadi mguuni, kisha wa kushoto. Mimi nilimimina. "Pole pole mwanangu," aliniambia mara moja, nilipomimina kwa kasi. "Anaoga, hatuoshi gari." Maji ya mwisho yalitiwa karafuu maiti, na harufu yake ikajaa chumbani mpaka leo naijua nikiwa mbali. Shuka tatu, pamba, mafundo. Nilichokiona kwenye mwili ule sikukisimulia, na wala sitakisimulia hapa. Siri ya maiti ni sehemu ya kazi.

Kutoka chumbani mle niliona kwamba mikono yangu haikutetemeka. Ilikuwa imetetemeka mwanzo, kwenye ndoo ya kwanza. Ilitulia yenyewe kwa kupewa kazi. Msomaji Mkristo ana kazi yake ya namna hii kwenye jumuiya yake, na anaijua: kuna wanaochimba, kuna wanaokesha, na kuna wanaokuja baada ya wali. Tangu siku ile nimeosha mara kumi na moja. Mwosha naye huoshwa, na kusema kweli sijui jambo lingine lililoniondolea hofu ya kufa kama hili.

Nimetaja wali, na imebaki jikoni.

Aliyenifundisha kupika ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyetulea baada ya mama kufariki. Nilimwomba nikiwa na miaka 36. Hakushangaa kama nilivyotarajia. Alinipa mbuzi. Nilikalia kile kibao nikakuna nazi mbili za kilo moja ya mchele, na aliponiona nakwangua mpaka weusi wa kifuu alininyang'anya akanionesha mahali pa kuachia. Machicha yanakamuliwa kwenye kifumbu kwa maji kidogo ya vuguvugu, ndilo tui zito, unaliweka pembeni. Yanatiwa maji tena, yanakamuliwa, ndilo tui jepesi, ndilo la kuchemshia na chumvi. Mchele uoshwe mpaka maji yawe meupe kama ya mvua. Unausubiri ukaribie kukauka, maji yameshuka chini ya punje na vishimo vinaonekana juu, hapo ndipo unamimina tui zito, unageuza mara moja kwa mwiko, unapunguza moto, unafunika, unapalia makaa juu ya mfuniko. Ukilitia mapema, juu ya moto mkali, linakatika, na wali unatoka na mafuta upande mmoja na maji upande mwingine. Nililikata tui wiki tatu mfululizo. Watoto walikula bila kusema.

Wanaume wa pwani hupika pilau la harusi la watu mia tano na hakuna anayewauliza. Jungu dogo la watu wanne ndilo linalotushinda, lile la Jumanne, mke ana homa, mtoto ana mtihani kesho. Hapo ndipo ninapotaka mwanamume apajue.

Shangazi sasa ana miaka 81. Baridi yabisi imemkunja vidole, hawezi tena kukamua, hata kifuniko cha chupa anafunguliwa. Nikiwa Tanga ninapika mimi. Mwezi uliopita nilimwekea sahani kibarazani, wali na mchuzi wa changu, nikakaa chini pembeni yake. Alikusanya tonge polepole, akatafuna, akaangalia barabarani.

"Chumvi ipo," alisema. "Tui umewahi kulitia."

"Kidogo tu, shangazi."

"Umewahi."

Akala tonge la pili, na la tatu. Kisha akasogeza sahani kwangu, akaniambia nirudi jikoni nikamkwangulie ukoko.